Jalada la Kitabu cha Ukoo

Jumatatu, 2 Juni 2025
Jumapili ukoo unakutana Nshamba kuchagua mwandishi wa historia yetu. Lazima niwe mimi! Nimestaafu ualimu, nina miwani, nina meza. Mpinzani ni binamu yangu Anatolia, muuza vitenge wa Miembeni. Ana daftari moja tu. Maskini.

Leo nimepiga picha ya jalada. Kidole shavuni, macho mbali. Mke wangu Vestina kauliza nimeandika kurasa ngapi. Nikamweleza kuwa mwandishi haanzi na kurasa. Akarudi kumenya ndizi.

Jumatano, 4 Juni
Nimeandika Shukrani. Nimelia kidogo. Shida ni Shangazi Kokushubila, mwenye historia yote kichwani. Ana miaka tisini na mbili, na vitabu huchelewa kutoka. Nimemwandika kabisa "marehemu", nisije nikahangaika kusahihisha.

Ijumaa, 6 Juni
Nshamba kwa Shangazi, na sukari mkononi. Kaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyokaribishwa. Nikasema kazi kwanza, kahawa baadaye. Akaanza kutafuna peke yake. Nikamsomea Shukrani kwa sauti ya darasani. Nilipofika kwenye "marehemu" akaacha kutafuna. Akauliza, waitu, ndiyo "jamani" ya kwetu, amekufa lini, na kazikwa na nani. Nikaeleza taratibu za uchapaji. Akarudisha kikapu ndani. Sukari akabaki nayo.

Jumapili, 8 Juni
Aibu! Kumbe jana Anatolia alishinda kwa Shangazi, anatafuna kahawa na kuandika. Leo akasoma: babu yupi alihamia kutoka wapi, nani alitorosha mke wa nani. Watu walicheka, wazee wakafuta machozi. Nikasimama kuonyesha jalada. Shangazi akatangaza kwamba marehemu ameamua: aandike Anatolia. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nimeumia, sikatai.

Jumanne, 10 Juni
Anatolia kapiga simu. Eti Shangazi amenisamehe. Ana habari za marehemu baba yangu ambazo hajapata kumwambia mtu, na anataka nizisikie mwenyewe. Kesho asubuhi. Baba!

Nimemwambia kesho haiwezekani. Nina miadi na mchapaji, tunachagua rangi ya jalada la Toleo la Pili, Lililosahihishwa, ambalo bila shaka wataniomba niliandike mimi. Shangazi atasubiri. Nilivyomwona Jumapili, afya yake ni nzuri sana.