Mashine Zisizo na Mkwaruzo

Jumatatu, 12 Mei 2025

Barua imefika. Ijumaa mtathmini kutoka halmashauri anakuja kupima utendaji wangu, mimi, mkuu wa kitengo cha elimu maalumu, hapa hapa shuleni Mkolani. Nikishindwa, kiti anakikalia msaidizi wangu, Mwalimu Dorotea. Dorotea! Mtu anayekula mihogo na wanafunzi barazani! Ugali wa jioni umenishinda.

Jumanne, 13 Mei

Nimepata akili. Vifaa! Miaka minne iliyopita tulipokea mashine sita za kuandikia nukta nundu, za watoto wasioona. Nilizifungia stoo siku ile ile. Dorotea ameziomba mara kumi na moja, nami nimemnyima mara kumi na moja. Watoto wangeziharibu. Leo nimezipangusa kwa leso yangu mwenyewe. Bado zimo kwenye nailoni. Mwanza nzima nani ana vifaa vizima hivi?

Alhamisi, 15 Mei

Balaa! Pius, karani wetu, ameninong'oneza kwamba mtathmini humpa mkuu ukurasa wa nukta nundu ausome. Kwa vidole! Miaka yote hii sijui hata herufi moja. Nikamwita Paskazia wa darasa la tano, asiyeona, anisomee ukurasa wa kwanza wa kitabu cha hadithi cha nukta nundu, maana hakika huo ndio nitakaopewa. Nimeukariri wote. Kesho ni kupapasa tu na kutiririka. Dorotea atakoma.

Ijumaa, 16 Mei

Jamani. Sijui nianzie wapi. Mtathmini, Bi Nusrat, alikuwa mpole, nikajua nimepita. Nikafungua stoo kwa mbwembwe. Akauliza wasioona wako wangapi. Tisa. Mashine zimetumika mara ngapi? Nikajibu kwa fahari kwamba hata mara moja! Akakaa juu ya gunia la maharage. Nikadhani furaha imemzidi.

Kisha akanipa ukurasa. Nikapapasa, nikasimulia habari za sungura na fisi kwa hisia zote, hata kicheko cha fisi nikakiweka. Paskazia, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaomba kuugusa ukurasa. Akaniamkia kwanza, kisha akasema kwa adabu kwamba hiyo si hadithi, ni tebo ya saba ya kuzidisha. Mama yangu! Jasho hadi kwenye soksi.

Alama kumi na nne kwa mia. Mashine tano zikaenda darasani mchana ule ule. Nilizisikia zikigongwagongwa, nikaziba masikio. Ya sita nimekabidhiwa niende nayo nyumbani. Miezi mitatu ya kujifunza, la sivyo kiti ni cha Dorotea.

Jumapili, 18 Mei

Mashine imependeza sebuleni! Mtaa wetu wote wa Kiseke hakuna mwenye nayo. Nimeipandisha juu ya kabati, nikaifunika kitambaa cha kufuma. Mke wangu Selina ameuliza naanza lini kujifunza. Yaani niiguse? Na ikipata mkwaruzo, Agosti Bi Nusrat akija nimwoneshe nini?