Homa ya Gari Langu

Jumatatu, 6 Juni 1988

Gari limechemsha tena. Nilitoka kazini Raskazone, mwendo wa kistaarabu, vioo vimeshushwa. Kufika Barabara ya Kumi na Mbili mshale wa joto ukapanda hadi mwisho, mvuke ukatoka kwenye boneti. Nikalazimika kusimama mbele ya baraza ya Bi Zuwena. Si kwamba nililazimika sana. Nilikuwa nakwenda hapo hapo.

Bi Zuwena ni mshonaji, mjane, mwanamke mwenye akili na sauti ya chini. Nimeamua kumuoa. Yeye mwenyewe sijamwambia, lakini mambo yanakwenda vizuri. Jumapili nampeleka Pangani kumwona kaka yake, Bwana Uweso, ambaye ndiye walii wake, mwenye kumwozesha. Mpango ni kwamba Bwana Uweso anione nikishuka kwenye gari langu mwenyewe. Mtu akishaonekana anashuka kwenye gari, maneno yanayobaki ni machache.

Nasri alikuwepo barazani. Huyu anauza mitumba, na ana pikapu mpya ya Kijapani, mpya kwa maana kwamba ilichakaa kwingine. Akautazama mvuke wangu, akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayobanwa kati ya injini na kifuniko chake, imekatika, maji yanaingia kwenye injini. Yake ilimfanyia hivyo hivyo mwaka jana.

Nikamshukuru. Mtu aliyeanza kushika usukani juzi ananifundisha mimi, niliyeendesha miaka yote ya shida, wakati kwenye breki tulitia maji ya sabuni na milango tulifunga kwa kamba za katani.

Ugonjwa nimeshaujua. Ni themostati.

Jumanne, 7 Juni

Themostati nimeitoa. Ni kidude kama kizibo, kinazuia maji yasipite mpaka yapate moto. Kwa Tanga hii, nani anasubiri maji yapate moto? Wazungu walikitia kwa ajili ya baridi yao. Sasa kiko mfukoni mwangu.

Nimelijaribu gari njia ya Pongwe. Lilichemsha kabla ya Pongwe. Hata hivyo lilichemsha kwa namna nyingine, taratibu, kwa adabu. Hayo ni maendeleo.

Jambo jipya: nikiufungua mfuniko wa rejeta wakati injini inanguruma, maji yanatoa mapovu. Nasri alikuwa anapita na marobota yake. Alisimama, akasema hiyo ndiyo dalili yenyewe ya gasketi. Mimi naona injini inapumua. Siku zote ilikuwa imezibwa pua na themostati.

Alhamisi, 9 Juni

Nimekwenda mbele zaidi. Maji ya rejeta yanapungua kila siku, na chini ya gari hakuna hata tone. Maana yake rejeta inavuja kwa tundu jembamba mno, macho hayalioni. Mtu mwingine asingeligundua.

Dawa yake naijua tangu miaka ya shida: unga wa sembe. Unatiwa ndani ya rejeta, unatafuta tundu wenyewe, unaziba. Nimetia kikombe. Halafu nikaongeza kingine, maana safari ya Pangani ni ndefu. Siku hizi za ruksa maduka yamejaa vipuri vya Dubai na watu wameacha kufikiri.

Jioni nilipita kwa Hatibu, fundi wa magari, kuazima spana tu. Akaniuliza ya nini. Nikamweleza yote, hata la unga. Akaninyima spana. Akasema nimletee gari afungue silinda hedi, gasketi siku hizi zipo dukani, asiyekuwa nayo hataki tu. Aliyasema hayo mbele ya wateja wake, kwa sauti kubwa, huku anakula muhogo.

Nimechunguza. Nasri na Hatibu wanaswali msikiti mmoja. Kwa hiyo wamekubaliana. Mimi pia naswali hapo, lakini safu nyingine.

Ijumaa, 10 Juni

Baada ya sala nimepima oili. Ilikuwa nyeusi, sasa imekuwa kama chai ya maziwa. Moshi wa nyuma nao umegeuka mweupe. Kila kitu ndani ya gari hili kinazidi kuwa cheupe. Injini inajisafisha.

Nikaenda kumpa Bi Zuwena habari njema. Aliniuliza kama gari litafika Pangani. Nikamwambia litafika na litarudi. Akasema kuna basi la asubuhi. Nikacheka. Akasema hakuwa anafanya mzaha.

Nasri alikuwa hapo tena, na rundo la suruali. Kila siku huyu bwana na suruali. Alipoondoka nikamuuliza Bi Zuwena, kwa upole, mtu mmoja anahitaji suruali ngapi.

"Za kupunguza kiuno, Bwana Miraji," alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Anaziuza."

Jibu lilikuja haraka mno. Nitamwangalia sana Nasri.

Jumamosi, 11 Juni

Leo nimemaliza tatizo la mshale wa joto. Nimeukata waya wake. Sasa mshale umelala chini kabisa, gari likiwa limezimwa au linakwenda. Bi Zuwena hataingiwa na wasiwasi njiani, na kwa kweli hata mimi nimetulia. Nimezunguka mjini nusu saa na kwa mujibu wa mshale injini ni baridi.

Nimepiga pasi kanzu. Maneno ya kumwambia Bwana Uweso nimeyakariri mbele ya kioo.

Jumapili, 12 Juni

Tuliondoka asubuhi. Bi Zuwena alikaa mbele, kikapu cha zawadi za wifi yake mapajani. Moshi wetu ulikuwa mweupe hata watu wa Tongoni walitoka nje kututazama. Nikawapungia mkono. Bi Zuwena aliuliza mbona pananukia uji. Nikasema huenda watu wanapika.

Tulipoiacha Tongoni mfuniko wa rejeta uliruka. Boneti ilifunguka yenyewe. Kioo cha mbele chote kikapakwa uji, na mwingine ukaingia dirishani kwangu. Gari likazima katikati ya njia.

Bi Zuwena alishuka, akazunguka mbele, akatazama. "Umetia unga, Bwana Miraji?"

Nikasema kidogo.

"Na chumvi je?"

Tulilisukuma gari pembeni, tukakaa kwenye minazi. Alinipa kitambaa nifute uso, akafungua kikapu cha wifi yake tukala maandazi. Halafu akasema hakuomba gari. Alitaka tufuatane tu. Kwa basi tungekuwa tumeshafika, tunakunywa chai.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia Bwana Uweso. Bi Zuwena mwenyewe sikuwa nimemwandalia neno. Nikamwambia nataka kumuoa, hivyo hivyo, nikiwa na uji kwenye nyusi.

Akasema anajua. Barabara nzima inajua. Halafu akanigeukia. "Nimeshazika mume mmoja. Wa pili sitaki aungue mbele ya macho yangu. Gari liende kwa Hatibu, na wewe boneti usiiguse."

Nikaahidi.

Pikapu ya kwanza kutokea ilikuwa ya Nasri, anatoka gulioni na marobota yake. Mbele alikaa na wake zake wawili, wote wameshona magauni kwa Bi Zuwena na wote wanacheka. Wake wawili sikuwa nimewatia kwenye hesabu. Alitufunga kamba, akatuvuta hadi Tanga, na neno gasketi hakulitaja hata mara moja. Hilo liliniudhi zaidi.

Alhamisi, 16 Juni

Hatibu amefungua injini. Gasketi imekatika katikati. Alinionyesha, akaniuliza naona au sioni. Nikamwambia nilikuwa naishuku tangu mwanzo. Unga aliutoa kwa kijiko, akawaita majirani wake waje watazame. Waya wa mshale ameurudisha bila kuniuliza.

Bi Zuwena juzi alikwenda Pangani kwa basi na jana alirudi. Bwana Uweso amekubali. Anataka kuniona Jumapili. Nilisoma habari hii usoni kwa Bi Zuwena kabla hajafungua mdomo, nikasahau hata salamu. Ameshauri twende na basi. Nimemshawishi twende na gari. Amekubali, kwa kuwa ni kazi ya Hatibu.

Jumapili, 19 Juni, asubuhi

Nimevaa kanzu. Bi Zuwena namchukua saa mbili.

Kuna jambo halinipendezi. Nimeliwasha gari mapema nilisikilize. Mshale umesimama chini ya katikati na hauchezi. Hakuna mvuke. Hakuna mapovu. Moshi hauonekani kabisa. Nimekaa na injini hii miaka mingi na sijapata kuiona imenyamaza hivi. Injini yenye afya lazima ipate joto, ndiyo kazi yake. Hii imeshikwa na ubaridi.

Nimefikiri, nimepata jibu. Hatibu amekaza mno boliti za silinda hedi, zile zinazoibana gasketi. Ana mikono mizito, anajulikana. Kikifungwa kitu kiasi hicho, joto litapita wapi?

Ahadi yangu kwa Bi Zuwena naikumbuka vizuri. Lakini ile ilihusu gari linalochemsha. Hili halichemshi.

Boneti iko wazi, na muda ninao. Nalegeza boliti chache tu, zile za katikati.