Ndoo Yenye Tundu

Jumatatu, 3 Machi

Mambo yamenoga! Meneja ametukusanya kwenye stoo ya kiwanda, katikati ya ndoo zetu za plastiki, akasema wateja wamechoka na bidhaa zilezile. Atakayeleta wazo jipya kabla ya wiki kuisha atakuwa mkuu wa ubunifu na atapewa chumba cha pembeni. Chumba chenye mlango! Mimi miaka yote nakaa ukumbini, kila apitaye anachungulia mezani kwangu. Nakitaka chumba kile!

Wazo ninalo. Ndoo ambayo kifuniko chake ni kiti. Sijamwambia mtu. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye kazi hii nilimtafutia mimi mwenyewe, alinijia akitabasamu, eti nina lolote kichwani? Anatabasamu nini?

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amekula chakula cha mchana akiwa amekalia ndoo. Ndoo! Amejuaje? Nimemhoji mke wangu. Akasema kiwandani wote tunakalia ndoo, hata mimi. Jibu lilikuja haraka mno. Nimemwomba, nikiongea usingizini, azibe masikio.

Jumatano, 5 Machi

Nimemtegea. Nilimvuta shemeji nyuma ya mashine, nikamnong'oneza wazo la kipuuzi kupita yote: ndoo yenye tundu. Nani atanunua ndoo yenye tundu? Akauliza tundu likae wapi. Nikamwambia popote roho yake itakapopenda. Akanishukuru, macho yanang'aa. Nimecheka chooni mpaka fundi wa mashine akagonga mlango kuuliza kama naumwa.

Alhamisi, 6 Machi

Ndoo yangu imekamilika. Nimeitengenezea chumbani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Kifuniko nimekibandika kwa gundi. Mke wangu aliniambia nikae juu yake kwanza, nione kama inabeba. Eti nijaribu! Majirani wakisikia nakaa na kuinuka, si watajua kila kitu?

Ijumaa, 7 Machi

Aibu! Niliifunika ndoo kwa shuka, nikawataka watu wote wafumbe macho isipokuwa meneja. Akakaa. Kifuniko kikapasuka, makalio yakazama, magoti yakamfika kidevuni. Tukavuta. Wapi! Kadiri tulivyovuta ndivyo ndoo ilivyozidi kumnyonya. Mhasibu akaanza kuomba dua kwa sauti.

Shemeji akatokea na drili. Alikuwa nayo tayari mkononi, jamani! Akatoboa ndoo kwa chini, pembeni. Hewa ikaingia kwa mlio ambao sitauandika hapa, na meneja akachomoka.

Hapohapo shemeji akaeleza kwamba ndoo zetu zikipangwa moja ndani ya nyingine hunasana vivyo hivyo, ndiyo maana wenye maduka wanatulalamikia kila siku. Tundu dogo likitobolewa juu kabisa karibu na ukingo, mahali maji yasipofika, hewa itapita na ndoo zitaachana bila vita. Meneja, mkono mmoja kiunoni, akasema hilo ndilo wazo. Nimerudi nyumbani kwa miguu, na roho inaniuma.

Jumatatu, 10 Machi

Leo shemeji amesimama mbele ya wafanyakazi wote, akasema wazo si lake. Ni langu, mume wa dada yake, aliyemtafutia kazi. Akaomba chumba nipewe mimi. Meneja akakubali, akaninyooshea ufunguo.

Nani anamgawia mwenzake chumba chenye mlango hivihivi? Huku ni kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa! Nikakataa kwa sauti, kila mtu asikie. Nikasema wazo hilo silijui wala sijawahi kulisikia. Meneja akampa shemeji ufunguo. Shemeji alilengwa na machozi. Anajua kuigiza yule.

Nyumbani nimemsimulia mke wangu nilivyouruka mtego. Akakaa chini taratibu, akauliza kama ufunguo niliushika kweli. Nikamwambia niliugusa tu. Tangu hapo hajanisemesha, na chakula amepakua cha mtu mmoja.

Kumbe walikula njama wote wawili! Nashukuru nimewagundua mapema.