Goti la Mwalimu Longinus na Ngazi za Kanisa

Redio ya Bi Mwajabu, muuza kahawa, haina kifuniko cha nyuma, betri zake zimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, lakini habari inazitema sawasawa na redio za wenye nazo. Asubuhi hiyo iliwatangazia wakazi wa Kibondo kwamba kuanzia Jumamosi kutakuwa na mbio za polepole za watu wote, wakubwa kwa wadogo, kwa ajili ya afya.

“Kwa ajili ya nini?” aliuliza Salumu, fundi cherehani, uzi ukiwa bado mdomoni. Pale kwenye kahawa wanamwita Futi, maana hakuna jambo asilolipima, hata lisilo na urefu.

“Afya, mzee,” alijibu Isack wa bodaboda. Huyu wanamwita Breki, jina alilopewa kwa kitu asichokitumia.

“Afya ya kukimbia bila kufukuzwa?”

“Ndiyo mambo ya sasa hayo.”

“Sikiliza wewe. Mtu wa kijijini Kitahana kabla hajanywa chai ameshapanda mlima kwenda shamba, ameshuka mtoni, amerudi na kuni kichwani. Halafu umwite uwanjani azunguke kama kuku aliyefungwa kamba! Mtangazieni apumzike, hiyo ndiyo itakuwa habari mpya.”

“Unawasemea watu wa shamba, mzee Futi, wakati wewe umekaa kwenye hicho kiti tangu Vita vya Kagera. Tumbo limeshakuwa meza, bado kukatia vitambaa tu.”

Benchi zima likacheka. Asiyecheka alikuwa mmoja, Mwalimu Longinus, mstaafu, aliyekaa mwisho kabisa wa benchi. Wanamwita Kengele, kwa sababu hata baada ya kustaafu, ikifika saa nne anainuka na kusema, “Mapumziko yamekwisha.” Leo saa nne ilikuwa imepita zamani, naye hajainuka. Kikombe chake kilikuwa kimekauka. Ukweli ni kwamba alikuwa anasubiri wenzake waondoke kwanza, ili asiwepo wa kumwona namna anavyosimama.

Bi Mwajabu alimtazama kwa pembe ya jicho huku akipepea mkaa. Mama huyu ni mzaliwa wa Ujiji, na mtu akimficha jambo hamwulizi. Anamtegea.

“Kitendawili!”

“Tega!” wakaitikia wote.

“Pacha wangu wawili wanakaa nyumba jirani, hawajawahi kugombana. Mmoja akinuna, ukoo wote hautoki nje.”

“Matairi ya boda!” alisema Isack.

“Wapi!”

“Wake wenza,” alisema Salumu.

“Wake wenza wasiogombana umewaona wapi wewe? Nipeni mji.”

“Chukua Kasulu.”

“Kasulu nimefika, nimepokewa, nimepewa maharage na ugali wa muhogo, nimeshiba, nimerudi na zawadi. Ni magoti.” Akamgeukia Longinus. “Baba Akimana, lipi limenuna?”

Longinus akajaribu kucheka. “Nani kasema limenuna?”

“Mtu anayetangaza mazoezi kuliko redio, leo mazoezi yametajwa na redio yeye kanyamaza. Tena umekaa hapa mpaka kikombe kimeota kutu.”

“La kulia,” alikiri Longinus kwa sauti ndogo, akapandisha mguu wa suruali. Goti lilikuwa limefungwa bandeji, limevimba kama kiazi kikuu.

“Mana we!” alisema Isack. “Mwalimu, hilo goti lina ujauzito?”

Basi ikabidi aseme yote. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kukimbia cha mtaani kwao, ana kofia nyekundu na filimbi. Kila alfajiri wanateremka mlima mbio mpaka darajani, wanarukaruka hapo, wanapanda tena. Presha ilishuka, suruali zikaanza kumpwaya, mkewe Evaline akawa anamwita kijana. Halafu goti likaanza kusema. Kwanza lilisema akiteremka tu. Sasa linasema hata akiota ndoto anateremka.

“Si uache?” alisema Salumu. “Mwili umekupa likizo, chukua.”

“Niache presha irudi? Na harusi je?”

Harusi wote wanaijua. Mwisho wa mwezi huu Akimana, mtoto wake wa kwanza, anaolewa na kijana wa Nyakitonto, huko Kasulu. Kanisa la kwao Longinus liko juu kilimani, na ngazi zake zimepanda kama mtu aliyezijenga alikuwa na hasira na binadamu. Longinus ameahidi kumpandisha bintiye ngazi zile mkono kwa mkono mpaka altareni, bila fimbo. Na ahadi yenyewe aliitoa kwa kelele, siku wakwe walipoleta posa. Baba wa kijana, Mzee Hatungimana, alikuja na fimbo yake, na Longinus akamtania mbele ya watu wote: “Mzazi mwenzangu, tupa hiyo fimbo! Mimi nakimbia kila alfajiri kama mtoto wa darasa la tano!”

“Kuna mlango wa pembeni,” alisema Salumu. “Hauna ngazi hata moja. Unaingia kama unaingia jikoni kwako.”

“Mlango wa pembeni?” Longinus alisahau goti, karibu asimame. “Mlango wanaoingizia magunia ya sadaka wakati wa mavuno? Nimwingize mwanangu wa kwanza kama gunia la maharage? Halafu Hatungimana aniulize darasa la tano limeishia wapi?”

Wakati huo Herieth akawa amefika kuchukua kahawa yake kabla ya zamu ya mchana. Herieth ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, mwenyeji wa Karagwe, aliletwa na serikali. Wanamwita Sindano, ingawa hajawahi kumchoma mtu. Aliliona goti kabla hajasalimia.

“Mwalimu! Si nilikwambia wiki iliyopita uache kukimbia, uendeshe baiskeli? Baiskeli haiumizi goti.”

“Nimetii, sista. Baiskeli yako ndiyo iliyonimaliza.”

“Imekumalizaje?”

“Niliazima kwa jirani, nikatoka nyumbani nimepanda vizuri tu. Nafika kwa Niyomwungere, ananisimamisha. ‘Mwalimu, kwema? Nani amefariki?’ Namwuliza kwa nini. Ananiambia, ‘Nakuona na baiskeli tupu, kama mpeleka habari za msiba.’ Namweleza ni mazoezi. Anacheka, anasema basi kama unapita tu, nipelekee hii mikungu ya ndizi sokoni. Ningekataaje? Mbele kidogo, mama mmoja ana gunia la muhogo. Mbele tena, mkaa. Kufika kwenye mlima sikuwa na pa kukaa. Nikashuka, nikasukuma.”

“Ukasukuma?” Herieth aliweka kikombe chini. “Mlima mzima? Na goti hilo?”

“Sasa ningeuacha mzigo wa watu njiani?”

“Si ungewaambia hapana!”

Wanaume wote watatu walimtazama Herieth kwa huruma, kama wanavyomtazama mgeni anayekula ugali kwa uma.

“Dada Sindano,” alisema Salumu taratibu, “mtu anayepita na baiskeli tupu kwenye nyumba za watu, kisha akatae mzigo, huyo akifiwa atazika mwenyewe.”

“Kweli tupu,” alisema Isack. “Mimi na boda yangu tu, nikipita bila abiria wananiuliza nimeugua nini.”

“Basi baiskeli ya kwenu si mazoezi, ni lori!”

“Ndilo hilo!” alisema Longinus, akafurahi kueleweka.

“Aogelee,” alisema Bi Mwajabu. “Sisi Ujiji tulikua majini, wazee wa kwetu magoti yao laini kama siagi.”

“Aogelee wapi, bibi? Malagarasi?” aliuliza Isack. “Huko kuna mamba. Ataingia na goti bovu, atatoka bila goti. Si tatizo litakuwa limekwisha?”

“Tena akimwona mamba atakimbia kuliko kikundi chake chote,” alisema Salumu.

“Mnacheka,” alisema Longinus. Hakuwa amekasirika, ila sauti ilimshuka. “Akimana alipoanza shule nilimpeleka kwa mkono huu. Aliponiambia anaolewa, kitu kimoja tu aliniomba. Aliniambia, baba, usiniachie njiani.”

Bi Mwajabu alimmiminia kikombe kingine bila kuombwa. Hata Salumu aliutoa uzi mdomoni.

“Haya, sogeeni,” alisema Herieth, akavuta kigoda. “Zoezi lako liko hapo hapo ulipokaa, Mwalimu. Keti wima. Nyoosha mguu polepole mpaka ulingane na benchi. Usirushe. Kaza paja, ushikilie kidogo, kisha ushushe kama unamlaza mtoto aliyesinzia. Paja likipata nguvu, ndilo litabeba badala ya goti. Uvimbe huo mchana uje hospitalini niutazame. Mbio za mteremkoni na kuruka, sahau kwa sasa. Na baiskeli, zunguka nayo uwanjani, mahali pasipo na nyumba.”

“Hilo ndilo zoezi?” alisema Salumu. “Hivyo mimi najinyoosha kila nikimaliza kula.”

“Jaribu basi, mzee Futi.”

Salumu akanyoosha mguu. Isack naye akanyoosha, asionekane mnyonge. Benchi zima likawa limetoa miguu barabarani. Mguu wa Salumu ulianza kutetemeka kama mashine inayotaka mafuta.

“Unatetemeka, mzee!”

“Ni upepo.”

“Upepo unaingia kwenye paja?”

Mpita njia mmoja akasimama, akauliza kama ni dini mpya. Bi Mwajabu akamwambia ndiyo, sadaka ni kahawa, karibu.

Lakini Longinus hakuwasikia. Mguu wake ulikuwa umepanda, umenyooka, na goti halikusema kitu. Akaushusha. Likanyamaza. Akaupandisha tena, uso umemkunjuka, akawa anafikiria ngazi zile, kwamba huenda, kwa paja hili na subira kidogo, huenda.

“Mwalimu,” alinong’ona Isack, “shusha mguu. Shusha haraka.”

“Haraka hapana, sista kasema kama mtoto aliyesinzia.”

“Mkwe!”

Kutoka upande wa stendi alikuwa anakuja Mzee Hatungimana mwenyewe, koti la safari, kofia, fimbo. Alikuwa anatembea pole kuliko siku ya posa. Mguu wa Longinus ulikuwa bado hewani, umemwelekea usoni, jambo ambalo mtu mzima hamfanyii hata mdeni wake. Aliushusha kwa aibu, suruali ikaporomoka kufunika bandeji, ncha yake tu iliyolegea ikabaki inachungulia chini.

“Mwakeye!” alisalimia Hatungimana kwa Kiha, akapiga makofi ya heshima.

“Mwakeye, mzazi mwenzangu!” Longinus akapiga makofi yake akiwa amekaa. “Karibu! Mbona bila taarifa? Huko Nyakitonto wazima?”

“Wazima. Mvua ipo, maharage yapo. Nimefika kwako, mama Akimana kanielekeza huku.” Akavua kofia. “Nimekuja na jambo. Sikutaka kulisema kwenye simu.”

Bi Mwajabu aliacha kupepea. Mzee anayesafiri kutoka Nyakitonto bila taarifa, harusi imebaki wiki chache, huwa haleti jambo dogo. Longinus alihisi moyo unamteremka mlima mbio.

“Sema, mzazi mwenzangu.”

“Ni kuhusu ngazi.”

“Ngazi?”

“Za kanisa lenu. Siku ile uliponitania juu ya fimbo, nilirudi nyumbani sikulala. Nikasema, mimi nizidiwe na mtu tuliyelingana mvi? Nikaanza mazoezi. Nikawa naruka kamba, hii hii ya kufungia ng’ombe, kila alfajiri, nyuma ya zizi, watoto wasinione.” Akaugusa mguu wake wa kushoto. “Ng’ombe wamenishangaa, goti likanishinda. Sasa naomba, na kama utaona nakushushia heshima useme. Naomba siku ile sisi wazee tuingie na watoto kwa mlango wa pembeni.”

Salumu alirudisha uzi mdomoni, akaung’ata kwa nguvu. Bi Mwajabu akajifunika uso kwa upindo wa kanga, mabega yanatikisika. Herieth aliangalia mawingu.

Longinus alikohoa. Alikunja uso kama mtu anayepima jambo gumu, kisha akatoa ile sauti ya kufungia shule.

“Mzazi mwenzangu, umeomba kitu kizito. Mlango ule, kwa desturi, ni wa magunia. Na mimi ngazi zile nilikuwa nimeshajiandaa nazo.”

“Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe.”

“Lakini undugu ni kubebana. Mwanangu aliniomba tu nisimwachie njiani; ataingia na baba yake, hilo ndilo kubwa. Kwa ajili ya goti lako, na kwa heshima yako tu, nakubali.”

“Imana akuzidishie, Mungu akubariki!” alisema Hatungimana, akafungua mikono wakumbatiane.

Longinus akainuka kumpokea. Goti likalia kwaa, kama tawi kavu, mpaka yule mpita njia akageuka.

“Nini hicho?” aliuliza Hatungimana.

“Benchi,” alisema Isack upesi. “Bovu hilo, baba.”

“Siku nyingi,” alisema Salumu. “Nilishalipima.”

Hatungimana aliliangalia benchi, ambalo halikuwa na mtu upande ule. Akaangalia chini, pale bandeji ilipokuwa inachungulia. Kisha akamshika Longinus kiwiko, akamketisha polepole, na yeye mwenyewe akajishusha pembeni yake akiegemea fimbo.

“Basi, mzazi mwenzangu,” alisema, “na benchi hilo nalo siku ya harusi tulipitishe mlango wa pembeni. Nisingependa limwachie mtoto njiani.”