Malalamiko ya Balozi Dhidi ya Bibi wa Kreta

Godbless Sumari,
Mshereheshaji wa harusi, sendofu na kipaimara,
Kijenge, Arusha.

Kwa Bibi wa Kreta,
Kwa kupitia Mama Elieshi,
Akheri, Meru.

YAH: KUNYIMWA UPENDELEO NA ROHO YA MLIMA LICHA YA KUSEMA VIZURI

Mama, shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri na kwamba mvua ya kule juu haijaangusha maua ya kahawa. Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza chenyewe, ingawa aliyekiandika alikifuta na kukirudia hadi karatasi ikatoboka.

Huenda ukapenda barua hii isomwe na wakubwa wa ukoo ambao hawakuwepo, kwa hiyo naomba nieleze kwanza mambo yalivyo. Kila Jumapili baada ya ibada tunakutana sebuleni kwa mwanao Elieshi, hapa Kijenge, kucheza mchezo wa hadithi. Elieshi ndiye msimulizi. Sisi wengine, yaani mimi, binti yako Diana, na Lemomo daktari wa mifugo kutoka Ngaramtoni, kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi hiyo. Ukitaka mtu wako afanye jambo gumu unalitamka, kisha unarusha dadu yenye pande ishirini. Namba ikiwa kubwa, jambo linafanikiwa. Wamo pia walezi, kama vile kwaya inavyokuwa na mlezi, ila hawa ni roho wenye nguvu. Ukiwapendeza wanakupa uwezo, ukiwaudhi unabaki kama ulivyozaliwa. Mlezi wa hadithi yetu ni Bibi wa Kreta, anayekaa katika kreta, yaani shimo la kilele cha mlima wa volkano, akitunza moto usiozimika.

Mtu wangu anaitwa Balozi. Nilipomuunda nilipewa alama za kugawa kati ya nguvu, mbio, akili na ushawishi, nikazimwaga karibu zote kwenye ushawishi. Kwa hiyo Balozi hawezi kufungua soda bila msaada, lakini akisema, mawe yanapaswa kulia. Sikuona kosa lolote, kwa sababu hata mimi nimejengwa hivyohivyo. Tangu nimalize shule ninaishi kwa mdomo. Nimewaliza mabibi harusi waliokuja wamekasirika, na nimewachezesha wazee wa kanisa.

Mwanzoni Elieshi alimsemea Bibi yeye mwenyewe, na mambo yalikuwa mazuri. Nilikuwa namsifu, anatabasamu, ananipa. Kisha wewe ukateremka kutoka Akheri kuja kutibiwa goti. Ukakaa kwenye kochi la pembeni ukichambua maharage na kutusikiliza. Elieshi alikuwa amechoka kubadilisha sauti, akakuomba umsemee Bibi. Ukauliza huyo Bibi ni mtu wa namna gani. Akakueleza kwamba ni mkongwe, ana kitu ambacho kila mtu anakitaka, na watu humwendea wakiwa na shida tu. Ukasema, "Huyo namfahamu."

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza, nami nayaorodhesha kwa heshima kama ifuatavyo.

1. Kutotambuliwa kwa hotuba. Siku ya kwanza Balozi alipofika mbele ya Bibi uliyemsemea wewe, nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikatoa maneno niliyoyaandaa wiki nzima: Mtukufu wa vilele, mama wa ukungu, wewe ambaye jua huomba ruhusa kabla ya kuchomoza. Hata Lemomo, ambaye kwa kawaida husinzia nikianza kusema, aliacha kutafuna. Nikarusha dadu. Ikasimama kwenye ishirini, namba ya juu kabisa, na Elieshi mwenyewe alikiri kwamba kwa namba hiyo hata adui angenikumbatia. Wewe ukaendelea na maharage yako, kisha ukauliza Balozi ni mtoto wa nani. Nikajibu kwamba hana wazazi, alishuka na radi. Ukasema basi akawatafute, halafu arudi. Elieshi alipojaribu kukuonyesha ile ishirini, ukamwambia dadu haijui watu. Alasiri yote ikaishia kwenye kumtafutia Balozi baba na mama katika vijiji vya hadithi, na mpaka sasa anamtunza baba mlevi ambaye mimi sikumwomba.

2. Ng'ombe. Katika kanuni za mchezo, ambazo nimezisoma na wewe hujazisoma, Bibi wa Kreta hana ng'ombe. Lakini Lemomo alipofika zamu yake alisema tu, "Shikamoo Bibi. Mifugo haijambo?" Ukamjibu kwamba yupo mmoja aliyegoma kula tangu juzi. Lemomo akauliza kama anacheua, na kinyesi kikoje, na kama amebadilishiwa majani. Mkaongea hivyo, roho wa mlima na daktari, hadi chai ikapoa. Hakuna aliyerusha chochote. Mwishowe ukampa Lemomo vazi lisilopenywa na mshale, kitu nilichokuwa nakililia tangu mchezo uanze, na ukamwambia apite tena akipata nafasi. Nilipolalamika kwa Elieshi akanijibu kwamba msimulizi hawezi kumwambia mama yake kwamba hana ng'ombe.

3. Taji la dhahabu nililokuletea kutoka mji wa chini, uliuliza lina kazi gani. Hadi leo nalitafutia kazi.

4. Kuchanganya ofisi. Hili, Mama, ndilo lililonikosesha usingizi, na hapa naomba wakubwa wa ukoo wasikilize. Unajua, na wote wanajua, kwamba nampenda Diana. Majira hayohayo tukiwa tunacheza, ulipokuwa umerudi Akheri siku mbili kuangalia shamba, mjomba wangu Sifaeli alipanda huko kukuletea habari hiyo kwa taratibu zote zinazotakiwa. Alirudi na neno lako moja tu: "Tumesikia." Nikashtuka, kwa maana hilo ndilo neno ambalo Bibi wa Kreta alimwambia Balozi Jumapili iliyotangulia, na kwa sauti ileile.

Nilipiga hesabu zangu. Kama mtu anayesemea mlima ndiye anayemsemea binti yake, basi nikimpata mmoja nimempata na mwingine. Nikamwambia Diana kwamba mwanamume anayeweza kuulainisha moyo wa roho hashindwi na mama wa mtu. Diana akaniuliza kama nimekula. Sikuelewa. Nikaanza kufanya mazoezi mbele ya kioo, nikiinama, nikiinuka, nikijaribu sauti ya chini na ya juu.

Mazoezi hayo ndiyo yaliyoniaibisha pale usharikani. Ibada imekwisha, watu wamesimama nje wakisalimiana, nami nikakuona. Nikakusogelea, nikainama, na mdomo wangu, huu unaonilisha, ukasema, "Shikamoo, Mtukufu wa vilele." Ukanijibu, "Marahaba. Umewapata wazazi?" Mzee wa kanisa aliyekuwa karibu alinihurumia sana, akaniwekea mkono begani na kuanza kuniombea kama yatima. Mama yangu mzazi alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba mkononi. Alisubiri mpaka amina, kisha akaniuliza taratibu nimemfanyia nini Mungu hadi niombewe hivyo ilhali yeye yupo.

Kwa hiyo naomba rasmi ofisi ya Bibi na ofisi ya mama mkwe mtarajiwa zitenganishwe, kila moja iwe na siku zake za kuonana na watu.

5. Kupewa. Najua ni ajabu mtu kulalamika kwa kupewa, lakini nivumilie.

Jumapili iliyopita nilikuja bila sauti. Nilikuwa nimesherehesha kipaimara Ijumaa na harusi Jumamosi, na kwenye harusi spika ziliharibika nikamalizia kwa kifua. Asubuhi nikifungua mdomo palitoka upepo. Nilitaka kubaki nyumbani, ila Diana alisema nije hata kama ni kukaa tu. Wewe ulikuwa umeweka beseni la ndizi mbichi katikati ya sebule, kwa ajili ya supu ya mtori. Hukunipa pole. Ulinipa kisu.

Nilimenya vibaya. Nilikuwa naondoa ganda pamoja na nusu ya ndizi. Ukaichukua moja, ukaichana ubavuni polepole ili nione, ukaingiza kidole gumba, ganda likatoka zima. Ukanirudishia. Mezani hadithi ilikuwa imefika pabaya: kijiji kimezingirwa, mtu wa Lemomo amelala na jeraha, mtu wa Diana amebakiwa na mshale mmoja, na hakuna wa kuwaokoa ila Bibi na moto wake. Elieshi akasema Balozi amefika kwenye kingo za kreta, aombe.

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo. Upepo.

Ukaniuliza safari hii nimekuja na nini. Nikakuonyesha mikono, imejaa utomvu wa ndizi, mweusi, ambao haukutoka hata siku ya pili kwa sabuni. Ukaitazama. Kisha ukasema niseme shida yangu, ukainama na kuniletea sikio.

Mama, nilikuwa na maneno. Yalikuwepo yote kichwani, na ukungu na vilele vyake. Lakini kwa kunong'ona hayakuwa na maana, yalikuwa kama nguo za sherehe zimeanikwa kwenye kamba. Nikasema lililobaki. Nilisema, "Naogopa nikinyamaza utaona hamna kitu."

Hilo halikuwa la Balozi. Nadhani ulijua. Elieshi hakusikia, maana alikuwa anasogeza dadu mbele yangu nirushe. Ukaichukua ile dadu, ukaifunga kwenye pindo la kanga yako, ukamwambia, "Hii ya nini? Nimeshampa." Ukainuka kwenda kuangalia sufuria. Elieshi akatangaza kwamba moto umetoka kretani na kijiji kimepona. Lemomo akashangilia. Diana alikuwa ameshika ile ndizi yangu iliyomenywa vizuri, hakuiweka chini.

Sasa malalamiko yenyewe ni haya. Kwa hotuba bora kuliko zote za maisha yangu nilifukuzwa nikatafute wazazi. Kwa kunong'ona neno la aibu, na mikono michafu, nikapewa moto wote bila hata kurusha. Ukiruhusu jambo hili lienee, washereheshaji wa mji huu tutakwenda wapi? Bibi harusi atataka mtu wa kukaa kimya karibu naye. Maharusi watakodi wamenyaji wa ndizi. Na mimi nitajua kwamba miaka yote hii watu walikuwa wananisubiri ninyamaze ili waanze kunisikia, na hilo, kwa mtu wa kazi yangu, ni sawa na fundi cherehani kuambiwa anapendeza zaidi akiwa amevaa za wenzake.

Isitoshe, hukufafanua. Ulisema "nimeshampa". Ulimpa nani, Mama, na nini? Kama ni Balozi amepewa moto, nashukuru kwa niaba yake na ya baba yake mlevi. Kama ni jambo jingine, mtu hawezi kulala akikisia. Nimejaribu kumuuliza Elieshi, akasema kanuni hazina sehemu hiyo.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo: hotuba yangu ya kwanza isikilizwe upya na Bibi asiye na maharage mkononi, ng'ombe waondolewe mlimani au nami nipewe wa kwangu, na neno "nimeshampa" litolewe ufafanuzi kwa maandishi. Ikishindikana, naomba niruhusiwe kurusha dadu mbele ya ukoo mzima. Nikipata kumi na tano au zaidi, mjomba Sifaeli apokelewe upya. Najua si utaratibu wetu. Lakini kila utaratibu nilioufuata kwa ufasaha umenirudisha nyumbani, na sasa niko tayari kubahatisha.

Nisalimie shangazi Catherine, majirani wa mfereji wa juu na wa chini, na mwalimu wa kwaya. Lemomo anakusalimu na anamuulizia yule ng'ombe aliyegoma kula.

Mimi ninayekuheshimu katika ofisi zako zote mbili,

Godbless Sumari

Nyongeza: Nilimpa Diana barua hii anisahihishie lugha. Aliisoma akiwa amesimama jikoni, akacheka mahali ambapo sikukusudia, na pale kwenye namba tano hakucheka. Kisha akaniambia kwamba siku ulipokuwa unapanda gari kurudi Akheri ulimwagiza mjomba Sifaeli aje tena, na mimi nifuatane naye. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Anasema sauti yangu ilikuwa bado haijarudi, na alikuwa anafurahia ukimya.

Basi malalamiko yote nayaondoa, isipokuwa la baba mlevi. Pia Diana anasema mtu anayeitwa hatumi barua ndefu hivi, anakwenda. Kwa hiyo hii haitatumwa. Nitakuwa huko Jumamosi asubuhi, atakayesema ni mjomba, na Diana ameniagiza nije na nguo za shamba.