Nilivyomweka Mzee Kipyegon Hewani

Jumatatu, 14 Julai

Nimepata kazi! Mzee Kipyegon amekubali. Mimi, Bravin Khaemba wa mtaa wa Rhonda, Nakuru, mtaalamu wa tovuti. (Cheo nimejipa mwenyewe. Ningengoja nani?) Kikundi chake cha wakulima wa mbegu za viazi kule Kuresoi kinazinduliwa Jumamosi. Kutakuwa na hema, spika, wanunuzi kutoka Molo na Nakuru, na tovuti. Tovuti ni mimi.

Lakini viazi ni kisingizio. Mzee ni baba yake Jemutai. Jemutai ni wangu, au atakuwa, siku mzee atakapokubali watu wangu waje nyumbani kujitambulisha. Mwaka mzima naomba siku hiyo. Mwaka mzima ananiuliza nafanya kazi gani hasa. Leo amesema wazi, Jemutai akisikia, kwamba tovuti ikisimama vizuri Jumamosi atatupa tarehe. Isiposimama, nisahau njia ya Kuresoi.

Nilimwambia tovuti ni kazi nzito ya wiki nyingi, ila kwa heshima yake nitajikaza. Ukweli ni kwamba sianzi kutoka mwanzo. Ninayo ile niliyotengeneza ya matanga ya Mzee Joash, jirani yetu aliyestaafu reli. Nzuri ajabu! Picha kubwa juu, mshumaa kando unaowaka kwelikweli, majina ya watoto na wakwe, ramani ya kufika nyumbani. Nitatoa marehemu, niweke viazi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 15 Julai

Leo nimejaribu kuirusha hewani. Watu wa kawaida hubonyeza picha kwa mausi. Mimi natumia dirisha jeusi. Unaandika amri, unapiga Enter, maandishi yanateremka kama mvua, na tovuti inatoka kwa lapi yako, yaani laptop, inaenda kukaa kwenye seva huko majuu. Nilichagua cyber ya Celestine, duka la intaneti la mtaani, kiti cha karibu na mlango, ili watu waone. Mathe mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho aliuliza kama nimeharibu kompyuta ya wenyewe. Nilipiga Enter tena, kwa nguvu zaidi.

Lilikuwa jaribio tu. Niliweka picha ya Mzee Kipyegon mahali pa Mzee Joash, nikabadilisha majina, tarehe na ramani. Maneno mengine nitayashughulikia kesho. Kwa hivyo kwa sasa ukifungua unamwona mzee anatabasamu kando ya mshumaa, na chini yake “Tutakukumbuka daima, Baba. Safari ya mwisho ni Jumamosi, nyumbani kwake Kuresoi.” Haidhuru. Anwani ninayo mimi peke yangu.

Edinah akapita. Tulisoma chuo kimoja. Siku hizi anakaa Kiamunyi na ana ofisi yenye mlango wa kioo, kitu anachokitaja hata akiulizwa saa. Alichungulia, akacheka. Akasema mtu mwenye akili hajaribii mambo kwenye anwani kuu. Ati ukiandika amri tupu, kazi inaenda kwenye anwani ya majaribio, unaikagua huko kwanza. Ukiridhika ndipo unaongeza neno moja mwishoni, prod, na inaenda kwenye anwani kuu, ile dunia inaona. Mimi nilianza na prod moja kwa moja. Nilimshukuru, nikaongeza sauti ya muziki. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 16 Julai

Nimefanya kazi kama punda. Marehemu wametoka wote, wa kwanza na wa pili. Mshumaa pia nimeutoa, shingo upande. Sasa kuna shamba, debe limejaa viazi aina ya shangi, nambari ya kuagiza mbegu, na mzee amesimama katikati ya mitaro akicheka. Hata mimi nilitamani chipsi.

Stima zilipotea. Zikarudi. Bando ya intaneti ikaisha. Mwishowe nikaandika amri, nikapiga Enter, nikafumba macho. Kufungua: maandishi ya kijani, yaani imekubali! Chini yake kuna anwani ndefu yenye herufi za ovyoovyo. Nikaifungua. Viazi! Viazi tupu! Nikamtumia Jemutai hiyo hiyo, maana yuko Eldoret kwa mafunzo ya uuguzi. Amejibu kwa mioyo mitupu. Amesema baba yake atajivunia.

Nikiwa naosha vyombo nilikumbuka lile neno la Edinah. Sikuwa nimeliandika. Lakini tovuti si inaonekana? Kijani ni kijani.

Alhamisi, 17 Julai

Nimetangaza. Anwani ile ndefu haitangaziki, mtu atavunjika ulimi. Nimetumia anwani kuu, fupi, yenye jina la kikundi. Nimeirusha kwa magroup yote ya WhatsApp: wakulima wa Molo, wanunuzi, kwaya ya kanisa la mzee, watu wa Kuresoi wanaokaa Nakuru. Sikuandika mengi. “Jumamosi, sote Kuresoi. Habari kamili iko hapa.” Maneno machache yana uzito.

Sikuifungua kuhakikisha. Bando imebaki kijiko, na mpishi hodari haonji chumvi mara mbili.

Mzee mwenyewe hawezi kuiona, ana kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti. Amesema ananiamini. Edinah alipiga simu jioni. Sikupokea.

Ijumaa, 18 Julai

Wueh! Wageni wamefurika! Kuna mahali unaona watu wanavyofungua tovuti, na mstari unapanda tu kama mlima Londiani. Linah wa duka la mbegu alinipigia, sauti ya chini kabisa, akauliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, nimeiweka mwenyewe. Akasema Mungu ndiye anajua. Nikakubaliana naye.

Halafu sikia hii. Watu wa Kuresoi walio Nakuru wameunda kamati! Wamekutana hotelini, wamechagua mwenyekiti na mweka hazina, wamekodi lori. Kamati ya viazi! Nimekaa nchi hii tangu kuzaliwa, sijawahi kuona watu wakiunda kamati kwa ajili ya viazi. Hiyo ndiyo nguvu ya tovuti.

Mzee alinipigia kutoka Molo alikoenda kuchukua spika. Analalamika kwamba simu yake haijalia tangu asubuhi, na yeye ndiye mwenyekiti. Nilimwambia wanamheshimu, hawataki kumsumbua.

Edinah amepiga tena na tena. Mwishowe akatuma ujumbe, herufi kubwa tupu. Nimeufuta bila kusoma. Watu wakiona umefaulu huanza hivyo, wanataka ushirika.

Jumamosi, 19 Julai

Suti bado ina matope. Nitaandika hivyo hivyo.

Nilifika mapema, suti imepigwa pasi. Hema limesimama, magunia ya mbegu yamepangwa, Mzee Kipyegon ameketi mbele na koti jipya. Lori la kwanza likatokea kwenye kona. Limejaa! Na wanaimba! Nilimwonyesha mzee dole gumba. Wimbo ukakaribia. Nikautambua. Tuliuimba tukimzika Mzee Joash.

Wakashuka. Akina mama wa kwaya na vitambaa kichwani na sufuria za chai. Wazee wamevua kofia. Nyuma yao Kiplimo, yule anayekitaka kiti cha Mzee Kipyegon kwa udi na uvumba, amebeba shada la maua kubwa kuliko yeye. Alipomwona marehemu ameketi anapangusa miwani, shada likaanguka matopeni. Mama mmoja alizirai. Mwingine alikimbia, kisha akarudi, maana alikuwa ameacha sufuria yake.

Nilifungua anwani kuu kwa simu. Mshumaa ulikuwa unawaka kwelikweli.

Niliogopa jamani. Niliona tarehe yangu inaenda, watu wangu wanabaki Webuye, Jemutai anaolewa na daktari wa mifugo. Jemutai mwenyewe alikuwa amefika kutoka Eldoret. Aliniangalia, akaiangalia simu yangu, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nilimwambia ni hitilafu ya seva. Akaenda kumsaidia mama aliyezirai.

Edinah naye akatokea. Kumbe alitoka Kiamunyi alfajiri kwa sababu sipokei simu. Aliomba lapi, akaandika amri ile ile yangu, akaongeza prod mwishoni, akapiga Enter. Nikafungua tena. Viazi! Akaniambia nilikosea mara mbili: kwanza kujaribia mambo kwenye anwani kuu, pili kusahau neno. Kwaya ilikuwa inanong'ona, la kwanza sikulisikia vizuri. La pili nimelishika.

Mzee akauliza kuna nini. Akaelezwa. Kisha akamwuliza Kiplimo ile karatasi mfukoni ni ya nini. Kiplimo akasema si kitu. Mzee akasema aisome, kwa spika. Kumbe ilikuwa hotuba ya mazishi! Kiplimo akasoma, jasho likimtoka, kwamba Kuresoi haijapata kuona mwenyekiti mwaminifu kama Kipyegon, na kwamba anajuta kwa kumpinga. Mzee akaomba arudie hapo mwisho, hakusikia vizuri. Akarudia. Watu walicheka mpaka wakalia, hata wale waliokuwa wameshalia. Chai ikanyweka. Na kwa kuwa waliokuja kuzika walikuwa wakulima, walinunua mbegu zote. Hakuna gunia lililobaki.

Jioni mzee aliniita kando. Akasema kuanzia leo tovuti iko chini ya Edinah. Akasema ule ukurasa wa mshumaa usitupwe, siku yake ikifika kazi iwe nyepesi. Kisha akasema watu wangu waje mwezi ujao, Jumamosi ya pili. Anataka sana kuwaona watu waliozaa kitu kama hiki.

Nadhani alimaanisha kipaji.

Jumatatu, 21 Julai

Nimetulia, nimetafakari, nimejifunza. Kosa lilikuwa moja tu: neno. Sitalisahau tena maishani.

Leo nimeanza kualika ukoo. Webuye, Bungoma, mpaka Kitale. Nipige simu mojamoja na mimi ni mtaalamu? Ukurasa wa mwaliko! Na sianzi kutoka mwanzo. Ule wa Mzee Joash bado upo, na mifupa yake ni imara. Nimetoa picha ya Mzee Kipyegon, nimeweka yangu, ile ya suti, kubwa. Jina langu kamili chini yake. Tarehe: Jumamosi, 9 Agosti. Mshumaa nimeuacha, kwa mambo ya mapenzi unapendeza. Maneno mengine nitayashughulikia nikishakula.

Nikaandika amri. Na neno mwishoni! Prod! Kijani! Safari hii nimehakikisha, nimefungua anwani kuu, na ni mimi kabisa, natabasamu. Nikairusha kwa group la ukoo ili waanze kupanga usafiri.

Edinah anapiga. Aendelee kupiga.

Mama naye amepiga, kutoka Webuye. Mtandao ulikuwa mbaya. Nilisikia analia, anaita jina langu, na nyuma yake mjomba anauliza nani atatafuta lori. Nilipomwambia shikamoo Mama, ni mimi, alipiga ukemi na simu ikaanguka. Sikujua kwamba alikuwa anatamani nioe kiasi hiki.