Kuhusu Makaroni Yangu na Kushindwa kwa Msumari

Bi. Vernell Pettway,
Upande wa Mashariki, Detroit.

Kwa Ndugu Lamont Sykes,
Mwenyekiti, Ligi ya Mistari ya Chini kwa Chini.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ukiwa umekaa kitako. Unanifahamu. Ndimi niliyekuwa nikikupakulia chakula shuleni, nawe kila siku ukiomba uongezewe viazi. Nakuandikia kwa heshima nikiwa mama mzazi wa Cordell, ambaye ninyi huko chini mnamwita Msumari.

Kwa miaka mingi Cordell alinieleza kwamba Jumamosi huwa anakwenda kwenye mashindano ya ushairi. Mchana huweka vioo vya magari. Akirudi hujifungia bafuni, akafungulia maji, akafoka mbele ya kioo hadi maji ya moto yanatuishia. Nami nikatangaza kanisani, ambako ni mhudumu wa mlangoni, kwamba mwanangu ni mshairi. Mchungaji akamwombea. Mpaka siku moja, nikiwa saluni, dada aliyekuwa kiti cha pili akaniinamishia simu yake na kuniuliza, "Bi. Vernell, si wewe huyu anayesemwa?"

Alikuwa ni mimi. Kijana aitwaye Shubiri alikuwa amesimama uso kwa uso na mwanangu, ananitukana kwa vina, na umati unamshangilia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shubiri alisema kwamba nikipanda basi, basi linalala ubavu. Unene wangu siukani, ni neema. Lakini mimi sipandi basi. Nina gari langu, na limesimama wima.

2. Alisema makaroni yangu ya jibini ni makavu kiasi kwamba marehemu mume wangu alikufa kwa kiu. Ndugu Mwenyekiti, huyo Shubiri ni Tavaris Odom. Alikuja msibani kwetu, akala makaroni hayo hayo, akarudia, kisha akaondoka na mengine yamefungwa kwenye foili. Marehemu alikufa kwa maradhi ya moyo. Hata tusi linahitaji ushahidi.

3. Mwanangu hakunitetea. Badala ya kusema kwamba mama yake anajua kupika, alimgeukia mama yake Shubiri, Bi. Earlene, ambaye hajanikosea lolote. Nilipomuuliza, alinijibu huku anatafuna: "Mama, ndiyo kazi yenyewe. Yeye anakusema wewe, mimi namsema wa kwake, tukimaliza tunakwenda kula kuku pamoja." Yaani nilivuliwa nguo hadharani, na waliovua wakaenda kula kuku.

4. Hapo ndipo nilipoamua kuja mwenyewe. Ilikuwa fainali, na mshindi angekwenda kuchana mistari New York, jambo ambalo Cordell amelingoja ujana wake wote. Nilivaa kofia yangu ya Pasaka, nikashuka hadi kwenye ghala lenu chini ya lile duka la zamani la fanicha, nikakaa mbele kabisa. Mwanangu alianza, na alichana vizuri mno hata nikamsahau Bi. Earlene. Ikafika zamu ya Shubiri. Akafungua kinywa, akaniona, kinywa kikabaki wazi. Kisha akavua kofia yake.

"Habari za mchana, Bi. Vernell," akasema.

Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Akawaambia watu kwamba hawezi, huyu mama amemlisha. Nikamwona Cordell ameanza kutabasamu kama mtu aliyekwisha kununua tiketi, na dhamiri ikanisuta. Ushindi wa kuachiwa si ushindi. Nikamwambia Tavaris, "Sema, mwanangu. Ila safari hii sema kweli."

Basi akasema kweli, papo hapo, bila kuandaa:

Mama'ke Msumari mlangoni, kofia ya manyoya, glavu zinang'aa,
Huingii kanisani humo asipokuonyesha pa kukaa;
Mchungaji akisema "Tukesheni," yeye usingizi umeshamtwaa,
Akikoroma, kwaya inasimama, ikidhani sauti ya kinanda imepaa.

Watu walikimbilia ngazini kwa kicheko, wakarudi, wakakimbia tena. Cordell mwenyewe alichuchumaa akawa anapiga sakafu kwa kiganja, machozi yanamtiririka. Zamu yake ilipofika alishindwa hata kutamka jina lake. Akapoteza fainali.

5. Nami nilicheka. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote la ligi yako. Mtu aliyedhulumiwa hapaswi kuchekeshwa na dhuluma yake. Na mchungaji, ambaye naye ameona video, siku hizi akifika kwenye "tukesheni" husita kwanza, na waumini wote hugeuka kunitazama.

6. Tangu siku hiyo Cordell haingii bafuni ila kuoga. Anasema umri umekwenda, atabaki na vioo vyake. Siku zote nilidhani nazichukia zile kelele. Sasa nasimama mlangoni kwa bafu nikisikia maji tu, na moyo unaniuma.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu matokeo yafutwe, kwa kuwa mshindi alisaidiwa na mama wa aliyeshindwa, na vijana warudiane. Aidha, iwekwe sheria kali kwamba hakuna atakayemtaja mama wa mwenzake jukwaani. Anayeshindwa kujizuia ampelekee kwanza mama mhusika mistari yake, naye mama asahihishe ukweli na, ikibidi, vina. Ukikataa, nitawaleta wahudumu wote wa mlangoni wa kanisa letu wakae mbele, kila mmoja na kofia yake, tuone ni nani atakayetoa neno.

Nisalimie mama yako, mkeo, yule bwana wa vipaza sauti aliyenipisha kiti, na vijana wote walioniaga kwa adabu.

Wako katika haki na jibini,
Vernell Pettway

Tanbihi: Cordell ameisoma barua hii kabla sijaifunga, amefurahia ombi la kurudiana, na sasa hivi anafoka huko bafuni. Ile sheria ya akina mama tafadhali itupe. Bi. Earlene amenipigia simu akilalamika kwamba mwanangu humtukana kijuujuu, kama mtu asiyemjua, na amenisimulia mambo yake ya kweli nimpe Cordell. Nami, kwa kutenda haki, nimempelekea Tavaris ya kwangu. Mwambie mistari ya kukoroma asiirudie. Hii mpya ni mbaya zaidi. Nilicheka peke yangu jikoni nilipokuwa naitafutia vina.